Pesa ya Kikoba Nikaitia Kwenye Kompyuta ya Gemu

Mpenzi msomaji, kabla hujanisema naomba unipe nafasi nijieleze, maana wameshanisema wengi. Wanakikoba wenzangu wamenisema. Mama mdogo kanisema mpaka akanyanyuka kwenye kiti. Hata dada anayenisuka pale saluni alisimamisha mkono hewani na rasta zake akaniuliza, "Dada'angu, yaani pesa ya kikoba, jasho lako mwenyewe, unamnunulia mwanaume gemu?" Nikamwambia ndiyo, tena kwa risiti, na wewe usinikazie sana hapo mbele nisije nikaumwa kichwa.

Mambo yenyewe ni ya mwaka 2024. Mwezi wa saba tulivunja kikoba, nikapata shilingi 640,000. Laki tatu na nusu ikaenda moja kwa moja kwenye ada ya mwanetu, elfu arobaini nikamlipa mangi wa dukani ambaye alikuwa ameshaanza kunisalimia kwa mkazo, nikabaki na laki mbili na nusu. Hiyo ndiyo hela ninayoisimulia hapa. Sikukopa, sikugusa ada, sikugusa hela ya kula.

Sasa tuje kwa mwenye gemu. Mume wangu ana miaka 36, pombe hanywi, sigara havuti, na mimi nikijisifia mume huwa naanzia hapo. Lakini tangu mwezi wa nne mwaka ule alikuwa na tabia moja iliyonikosesha usingizi. Akitoka kazini haji nyumbani. Anapitia banda la gemu, Sinza huko, anacheza mpira wa kwenye televisheni na vijana ambao wengine angeweza kuwazaa. Anaingia ndani saa tano usiku, mtoto ameshalala, chakula kimeshapoa, na mimi nimeshachoka kukasirika. Ukimpigia simu unasikia "goooli!" na mtu anadaiwa mia tano.

Mashoga zangu wakanipa tafsiri yao. "Ana mtu huyo. Gemu gani mpaka saa tano?" Mmoja akajitolea kabisa anisindikize tukamfumanie. Nikakataa. Mimi si wa kujifunga kanga na kuchungulia madirisha ya watu, na kusema kweli makelele ya lile banda yalinitosha kuwa ushahidi. Kilichonishughulisha ni kitu kingine: kwa nini mtu mwenye nyumba yake, kochi lake na mtoto wake, anaona raha zaidi kukaa kwenye benchi la mbao kwenye joto lile?

Kazi yangu ni uhariri. Habari ikinichanganya huwa natafuta namba zake. Nikachukua kalamu. Mechi moja mia tano. Kwa jioni anacheza mechi sita, hiyo ni elfu tatu. Weka soda, weka bodaboda ya kurudi usiku, jumla elfu tano. Mara siku tano za wiki, elfu ishirini na tano. Kwa mwezi, laki moja! Laki nzima, na hapo ni kama hakumnunulia mtu yeyote soda, na namjua mume wangu, anapenda kununulia watu soda.

Kwenye kona ya sebule yetu, chini ya kitambaa cha kufuma na ua la plastiki, kulikuwa na kompyuta ya mezani. Dell OptiPlex 7010, lile sanduku la wima ambalo wengi tunaliita CPU ingawa mafundi wanacheka tukisema hivyo. Niliinunua 2019 kwa elfu themanini, ofisi niliyokuwepo ilipohamia kwenye kompyuta mpakato ikawauzia wafanyakazi zile za zamani. Modeli ile ilitoka 2012. Ilikuwa ikiwaka dakika nne nzima, unaweza kwenda kuinjika chai ukarudi bado inazungusha kile kiduara. Tulikuwa tunaitumia kuchapisha barua mbili tatu kwa mwaka na kuwekea ua.

Nikajiuliza, hivi hili dude haliwezi kucheza huo mpira?

KARATASI YA DOGO WA IT

Ofisini kwetu kuna dogo wa IT, mpole, anaongea kama anakuomba radhi. Nikamweleza. Akaniuliza maswali kama daktari: prosesa gani, RAM ngapi, inatumia diski gani, bajeti yako ni bei gani. Nilipomtajia laki mbili na nusu nikategemea acheke. Hakucheka. Akasema, "Inatosha dada, ila usianze na kitu ambacho kila mtu anaanza nacho."

Kila mtu, anasema, anakimbilia kununua kadi ya grafiki kwanza, ile inayochora picha za gemu. Halafu kompyuta inabaki na diski yake ya kizamani yenye sahani inayozunguka, na RAM GB 4, mtu anarudi kulalamika kwamba fundi kamwibia. Prosesa yetu ilikuwa Intel Core i5-3470, na hiyo akasema haina haja ya kuguswa. Akanipa mfano ambao niliupenda: GTA V, ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015, watengenezaji wake waliandika kwamba prosesa wanayoipendekeza kwa Intel ni hiyohiyo i5-3470, RAM GB 8. Yaani moyo wa kompyuta ulikuwa mzima, ila umefungwa kwenye mwili uliochoka.

Akachukua karatasi ya prufu iliyokuwa mezani kwangu, akageuza nyuma, akaandika mambo matatu. La kwanza, SSD, diski isiyozunguka. Hii ndiyo itakayoondoa zile dakika nne. La pili, RAM aina ya DDR3, na akaisisitiza hiyo 3 kwa mistari miwili, kwa sababu DDR4 haiingii kabisa kwenye tundu la mashine ile hata ukiibembeleza. La tatu ndiyo kadi, na hapo akaandika kwa herufi kubwa: ISIYO NA WAYA.

Maana yake ni hii. Kadi nyingi za gemu zinataka waya wake wa umeme peke yake kutoka kwenye pawa saplai. Hizi kompyuta za ofisi hazikutengenezwa kwa ajili ya gemu. Pawa saplai ya ile yetu ni wati 275 na waya huo haina. Kwa hiyo unatafuta kadi inayotosheka na umeme unaopita kwenye sloti yenyewe, mwisho wati 75. Akaniandikia mbili: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, na kama bei itakataa, GTX 750 Ti ya 2014 ambayo inakula wati 60. Zote mbili za mtumba, maana mpya kwa pesa ile usahau. "Na dada," akasema kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, "ukiambiwa kuna GT 730 ya GB 4, kimbia."

TUMEKWENDA KARIAKOO

Jumamosi iliyofuata nikamwambia mume wangu avae, tunatoka. Akauliza wapi. Nikamwambia Kariakoo, kununua kompyuta yako ya gemu. Jamani, ile sura! Kwanza alidhani ni mtego. Alinitazama kama mtu aliyeitwa polisi akaambiwa aje na kitambulisho. Mpaka tunapanda daladala alikuwa bado anajibu kwa kifupi.

Kariakoo siku ya Jumamosi unaijua, huhitaji nikuchoree. Tukaingia kwenye jengo moja lenye vyumba vya kompyuta mpaka ghorofani, kila mlango kijana anakuita "sista karibu, kila kitu kipo." Mume wangu akaanza kuchangamka. SSD ya GB 256 tukaipata kwa elfu sitini na tano, mpya, kwenye boksi. RAM tukachukua mbili za mtumba, GB 4 kila moja, elfu kumi na tano kwa moja. Mashine yetu ina matundu manne na mawili yalikuwa na GB 2 kila moja, kwa hiyo tukafikisha GB 12 bila kutupa kitu. Dogo wa IT alishanielekeza zinunuliwe mbilimbili zinazofanana na zikae kwenye matundu yanayokwenda jozi, kompyuta inasoma haraka zaidi. Hapo tumetumia elfu tisini na tano.

Kwenye kadi ndiko kulikuwa na sinema. Muuzaji wa kwanza akatuletea nini? GT 730 ya GB 4! Nikacheka kwa sauti. "Hii kubwa dada, GB 4, hiyo nyingine uliyoitaja ni GB 2 tu, chukua kubwa." Na mume wangu, Mungu amsamehe, akawa anatikisa kichwa kukubali. Nikamvuta pembeni nikamweleza kwa lugha ya jikoni. GB za kwenye kadi ni ukubwa wa sufuria. Sufuria kubwa juu ya mshumaa haiivishi wali. Ile GT 730 ina sufuria kubwa lakini moto hamna, wakati 750 Ti sufuria yake ni ya GB 2 na chini kuna mkaa umekolea. Akanitazama. "Haya umeyajulia wapi wewe?" Nikamwonyesha karatasi.

Duka la tatu walikuwa nazo zote mbili. 1050 Ti laki mbili na kumi, haishuki. 750 Ti laki na kumi. Nikaomba wazichomeke kwenye kompyuta yao nione, na wafungue programu inaitwa GPU-Z. Ni ya bure, ndogo, inasoma kadi ni nini hasa. Kuna mchezo unafanyika duniani wa kuchukua kadi kizee, kuibadilishia programu yake ya ndani, ikajitambulisha kwa jina la kadi ya juu. Tangu 2018 programu hiyo inazitambua nyingi kati ya hizo bandia na inaandika neno la Kiingereza la "bandia" mbele ya jina. Muuzaji akaniuliza, "Sista, wewe ni fundi?" Nikamwambia mimi ni mhariri, kazi yangu ni kusoma kilichoandikwa. Zote mbili zilikuwa halali.

Mume wangu akaing'ang'ania ile 1050 Ti. Unajua wanaume na vitu vyenye namba kubwa. Nikamkumbusha kuwa bajeti ni laki mbili na nusu, hapa inavuka. Akasema, "Usijali mama, mwisho wa mwezi naongezea elfu sitini. Tusinunue leo, tusubiri." Sawa. Tukarudi na SSD na RAM zetu kwenye mfuko.

Fundi wa mtaani kwetu akaifungua ile mashine. Vumbi lililotoka mle ndani ungeweza kupandia mchicha! Akaipuliza kwa blowa, akasafisha krimu ya kupoozea prosesa iliyokuwa imekauka kama ukoko, akapaka mpya, akafunga SSD, akaweka Windows. Elfu kumi. Tulipoiwasha, nikahesabu. Kabla sijafika ishirini na tano tulikuwa tumeshaingia. Kompyuta ileile! Hata kama hujali gemu, msomaji wangu, na una dude kama hilo limelala nyumbani, hiyo hatua ya diski peke yake inatosha. Nimeshaandikia makala mbili kwenye kompyuta ile, na hii ni ya tatu.

AHADI YA ELFU SITINI

Ile diski ya zamani hatukuitupa, tukaibakiza mlemle ndani iwe stoo. Jumatano ya mwisho wa mwezi ule tukakaa wawili kuisafisha tupate nafasi ya magemu, maana gemu moja la siku hizi linakula makumi ya GB. Kufungua fungua mafaili, tukakutana na lile la Excel la harusi yetu, la 2016. Orodha ya kamati. Jina, ahadi, alicholipa, anachodaiwa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kuna mjomba ameahidi laki tatu mpaka leo anadaiwa laki tatu. Kuna rafiki yake aliahidi kreti tano, akaleta moja, akazinywa mwenyewe.

Katika kucheka huko nikasema, utani tu, "Na wewe je? Ahadi yako ya elfu sitini iandikwe kwenye safu gani?"

Akaacha kucheka.

Nimeishi naye miaka minane wakati ule, nikaona mabega yameshuka. Akasema, "Sina." Nikamwambia si neno, tutasubiri mwezi ujao. Akasema, "Mwezi ujao pia sina." Halafu ikatoka yote. Kampuni anayofanyia ilikuwa imewapunguzia mishahara theluthi moja tangu mwezi wa nne, wakaambiwa ni kwa muda. Hakuniambia. Ile pesa ya matumizi aliyokuwa akileta kamili kila mwezi, pengo alikuwa anaziba kwa kukopa kwa mwenzake wa kazini. Deni lilikuwa limefika laki moja na elfu themanini. Na kule bandani, akasema, alikuwa haendi kwa ajili ya gemu tu. "Nikija nyumbani mapema utaniuliza leo vipi kazini. Kule hakuna anayeniuliza."

Mezani kulikuwa na karatasi ya dogo wa IT, na kwenye pochi yangu kulikuwa na shilingi 145,000 zilizobaki. Nadhani sote wawili tulizifikiria kwa wakati mmoja.

Nilikasirika, nisikufiche. Sikukasirikia mshahara, mshahara si wake kuupanga. Nilikasirikia miezi minne ya kuletewa bahasha kamili huku mtu anadaiwa. Usiku ule sikusema mengi. Nilimwambia tu nimesikia, nipe mpaka kesho.

Kesho yake nikaenda kwa mama mdogo, mtu ninayemwamini kwa mambo ya nyumba. Akasema wazi: hiyo hela lipeni deni, na hilo dude lirudishieni ua lake. "Mwanaume kapungua mshahara halafu unamletea midoli ndani?" Namheshimu sana mama mdogo. Lakini nikakaa na kalamu yangu tena. Nikilipa deni kwa laki na arobaini na tano, bado nitadaiwa elfu thelathini na tano, banda litaendelea kula laki kila mwezi, na mume ataendelea kuingia saa tano, sasa hivi akiwa na aibu mbili badala ya moja. Nikinunua kadi ya bei ya chini, banda linakufa. Laki ya mwezi inabaki ndani. Deni linalipwa na hiyohiyo.

Nikampa masharti, na nakuandikia kama nilivyomwambia. Deni ni lake, atakwenda kwa mwenzake amwambie ukweli na wapange elfu thelathini kwa mwezi. Bahasha ya matumizi ije jinsi ilivyo, hata kama imekonda, tutaipangia bajeti wawili. Kadi itanunuliwa ile ya laki na kumi. Na banda ni Ijumaa tu, maana sikutaka kumkatisha na watu wake kabisa, mtu mzima ana haki ya kuwa na kijiwe. Akauliza, "Na wewe unapata nini hapo?" Nikamwambia nitapata mtu wa kula naye wakati chakula bado cha moto.

Kuna watakaosema starehe ya mtu aliyepungukiwa ni dhambi. Mimi naona tofauti. Mimi kila baada ya miezi miwili nasuka kwa elfu arobaini na tano, na hata mwezi ule nilisuka. Hakuna aliyenyanyuka kwenye kiti.

Tukarudi Kariakoo, tukachukua 750 Ti. Na tazama bahati, ikatufaa kuliko ile ya bei kubwa kwenye jambo moja ambalo hakuna aliyeliwaza. Monita yetu ni ya zamani, ina ile plagi ya bluu tu, VGA. Kadi za kuanzia ile familia ya 1050 Ti hazina tena njia hiyo, ungelazimika kununua kifaa cha kubadilishia. Yetu ilikuja na tundu la VGA na la HDMI. Pia monita ya inchi 19 haina dots nyingi kama televisheni ya kisasa, kwa hiyo kadi haitumwi kazi kubwa na picha inakwenda laini bila kukwama. Tukaongeza pedi mbili za kuchomeka, elfu kumi na tano kila moja. Jumla kuu: shilingi 245,000. Elfu tano iliyobaki tulinywea juisi ya miwa, nyingine ikawa nauli.

Mume wangu alitaka aichomeke kwenye televisheni ya sebuleni. Nikamwambia hapana, tamthilia yangu haihami. Hilo halikuwa na mjadala.

Gemu zenyewe alikopi kwa rafiki yake kwa diski ya kubeba mkononi, kwa kuwa kushusha mafaili makubwa vile kwa bando ni kuchoma pesa. eFootball ni ya bure, Konami waliibadilisha kutoka ile PES yetu mwaka 2021. Zile mpya za EA Sports FC, zilizochukua nafasi ya FIFA kuanzia 2023, hizo mashine hii haiziwezi na hatukujisumbua. Mimi nikaomba Need for Speed Most Wanted, ile ya 2005 tuliyokuwa tunacheza hosteli chuoni. Inateleza kama imepakwa mafuta.

Nilihofia umeme. Nikapiga hesabu: ikicheza gemu inakula kama wati 150, kwa saa mbili ni sehemu ya uniti, sifuri nukta tatu. Kwa bei tunayonunulia LUKU ni kama shilingi mia moja. Soda ya bandani ni ghali zaidi.

Usidhani nyumba iligeuka pepo. Wiki za mwanzo alikuwa anafika saa moja kasoro, anakula haraka haraka, halafu mgongo wake ndiyo naongea nao. Ikabidi tuweke kwamba pedi haishikwi mpaka mtoto alale. Marafiki wa bandani nao wakaanza kuja Jumapili, na vijana wale wanakula chapati, wanakula! Akifungwa na mtoto wa miaka ishirini ananuna mpaka asubuhi, jambo ambalo bandani sikuwa naliona. Na mshahara haukurudi "kwa muda" kama walivyoambiwa. Ulirudi mwezi wa tatu mwaka 2025, na si wote. Deni lilikuwa limeshaisha Januari. Alinionyesha ujumbe wa simu wa malipo ya mwisho, hakusema kitu, akaweka simu mezani mbele yangu akaenda kuoga.

Sasa kuna kesi mpya. Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida, wakatoa nafasi ya mwaka mmoja zaidi ya masasisho ya usalama kwa wanaojiandikisha. Windows 11 prosesa yetu ya 2012 haikubaliki. Mwezi uleule Nvidia nao wakatoa programu ya mwisho ya gemu kwa kadi za kizazi cha 750 Ti, kilichobaki ni marekebisho ya usalama tu mpaka 2028. Gemu za zamani zinaendelea kucheza vizuri, lakini mzee ameshaanza. Juzi kaniletea karatasi, kaiandika mwenyewe safari hii, ina kompyuta ya mtumba yenye prosesa ya kizazi cha nane, na pembeni kaandika "laki nne, ahadi yangu laki mbili, TASLIMU."

Nimeisoma vizuri, nimemsahihishia tahajia sehemu mbili, nikamrudishia. Kikoba kinavunjwa mwezi wa kumi na mbili na tuna kiwanja Chanika kinachosubiri bati. Anasema bati zinaweza kupanda bei hata wakati kompyuta zinashuka. Ndiyo maana, nikamwambia, tunaanza na bati.